Leza ya femtosekunde katika upasuaji wa kuondoa miwani: inakata nini, na inamfaa nani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, nina umri wa miaka 27, na nimevaa miwani tangu shule ya msingi. Jicho langu la kulia ni -5.00 pamoja na astigmatizimu (mpindo wa konea usio sawa pande zote) ya 0.50, na la kushoto ni -4.50. Hospitali moja ya hapa Afrika Mashariki imenipima unene wa konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, mikrometa (elfu za milimita) 512 kulia na 516 kushoto, ikanipa bei ya LASIK ya kisu, upasuaji wa kurekebisha konea ili mtu asihitaji miwani. Hospitali nyingine iliyoko India imeniandikia kwamba wao hutumia leza ya femtosekunde, "bila kisu kabisa", na ukijumlisha nauli na malazi gharama inakaribia mara mbili. Je, tofauti hiyo ni ya kweli au ni biashara tu? Na leza hiyo ni salama kwa jicho?

Jibu: Mwalimu, tofauti ipo, na kwa konea zenye unene kama wa kwako ina uzito kuliko ambavyo ingekuwa kwa mtu mwenye namba ndogo na konea nene. Hata hivyo, haipo pale ambapo matangazo huiweka. Leza ya femtosekunde haimwezeshi mtu kusoma mistari mingi zaidi ya ubao wa herufi miezi sita baada ya upasuaji. Tathmini zilizokusanya majaribio ya kulinganisha njia hizi mbili zimeona kwamba uwezo wa kuona mwishoni unakaribiana sana. Kinachobadilika ni kiasi cha konea kinachobaki salama chini ya mkato, na uhakika wa kipimo hicho. Aidha, lipo jambo ambalo hukulitaja, nalo ni zito kuliko mashine zote mbili, yaani picha ya umbo la konea zako, mbele na nyuma. Nitaanza na leza kisha nifike huko.

Upasuaji wa LASIK una hatua mbili, na kila hatua ina chombo chake. Katika hatua ya kwanza daktari hufungua tabaka jembamba la mbele ya konea, kifuniko chenye upana wa takriban milimita 8 hadi 9 kinachoachwa kimeshikilia upande mmoja, akakiinua na kukilaza pembeni. Katika hatua ya pili tishu iliyofunuliwa huchongwa ili mpindo wa konea upungue, na miale ya mwanga iangukie kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya kukutania mbele yake. Hatua hii ya pili, ambayo ndiyo inayofuta namba za miwani, hufanywa na leza ya eksima katika hospitali zote mbili ulizozitaja. Mwanga wake ni wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, ambao tishu huumeza wote usoni pake bila kuuacha uzame, na kila pigo huondoa takriban robo ya mikrometa. Mwaka 1981, katika maabara ya kampuni ya IBM jimboni New York, Rangaswamy Srinivasan aliujaribu mwanga huo juu ya mabaki ya nyama ya batamzinga wa sikukuu, akaona umekata bila kuunguza kando ya mkato. Ndiko matumizi yake kwenye tishu hai yalikoanzia. Kwa hiyo hospitali ya kwanza inatumia kisu katika kufungua kifuniko tu, na ile ya pili imebadilisha hatua hiyohiyo moja.

Sasa kuhusu femtosekunde. Femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Pigo moja la leza za konea hudumu kwa femtosekunde mia chache, na katika femtosekunde 500 mwanga husafiri milimita 0.15 tu, chini ya theluthi ya unene wa konea yako. Nishati iliyomo katika pigo hilo ni ndogo mno, mikrojuli moja au chini ya hapo, lakini kwa kuwa imebanwa katika kitambo hicho, mikrojuli hiyo moja hufikia nguvu ya wati milioni mbili. Mwanga wenyewe ni wa infraredi, wa takriban nanomita 1,050, ambao konea huupitisha bila kuumeza. Haufanyi lolote njiani mpaka ukusanyike kwenye kitone chenye upana wa mikrometa chache; hapo tu ukali wake unavuka kizingiti, elektroni zinang'olewa kutoka kwenye molekuli, tishu ya kitone hicho inageuka plazma, yaani gesi yenye chaji za umeme, na kuacha kiputo cha gesi, hasa mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Tishu iliyo juu yake na iliyo chini yake inabaki ilivyokuwa, kwa sababu joto halikupata muda wa kusambaa.

Ufupi wa pigo ndio siri yote ya chombo hiki. Madaktari wa macho, hata katika hospitali zetu, wamezoea leza ya YAG ambayo hutumika kutoboa utando unaotia ukungu nyuma ya lenzi bandia baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Nayo pia hufanya kazi kwa kuzalisha plazma. Lakini mapigo yake ni ya nanosekunde, marefu mara elfu kadhaa kuliko ya femtosekunde, na nishati yake hupimwa kwa milijuli, kiasi kwamba mshtuko wake husambaa mbali mno kwa kazi ya kutenganisha matabaka ya konea.

Vitone hivyo, vinavyofikia malaki katika jicho moja, hupangwa safu kwa safu kwa kina kilekile, kila kimoja mikrometa chache kutoka kwa mwenzake. Mkato unaopatikana unafanana na mstari wa vitobo katika karatasi ya stempu: njia imeshachorwa, lakini pande mbili bado zimeshikana kwa nyuzi ndogo ndogo, na daktari huzitenganisha kwa mkono akitumia kijiko chembamba kisicho na makali. Mashine za mwanzo zilipiga mapigo elfu kumi hivi kwa sekunde, zikahitaji nishati kubwa na muda mrefu; za sasa hupiga malaki kwa sekunde, kwa nishati ndogo zaidi, na mkato mzima humalizika kwa sekunde chache au makumi machache.

Umeuliza kama ni salama, na swali hilo lina mantiki kuliko unavyodhani, kwa kuwa historia ya chombo hiki ilianza na jeraha la jicho. Mbinu ya kukuza mapigo mafupi bila kuharibu kioo cha leza yenyewe ilibuniwa mwaka 1985 na Donna Strickland pamoja na mwalimu wake Gérard Mourou katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kazi iliyowapatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018. Baadaye Mourou alihamia Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka 1993 mwanafunzi wa maabara yake, Detao Du, alipigwa jichoni na miale ya leza hiyo alipokuwa akiirekebisha. Daktari aliyekuwa mafunzoni, Ron Kurtz, alipochungulia retina aliona kidonda kidogo chenye kingo safi ajabu, tofauti na majeraha ya leza aliyoyajua. Badala ya kumtibu mgonjwa na kusahau, alikwenda maabara kuuliza ni leza gani hiyo. Mwaka 1997 yeye na mwanafizikia Tibor Juhasz walianzisha kampuni ya IntraLase, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 leza yao ikaingia katika vyumba vya upasuaji.

Kwa nini basi mwanga uliojeruhi retina ya mwanafunzi yule usijeruhi ya kwako? Katika ajali ile miale iliingia jichoni ikiwa imenyooka, na lenzi ya jicho lenyewe ikaikusanya kwenye retina. Katika upasuaji, lenzi za mashine huikusanya miale ndani ya konea kwa pembe pana, na ikishapita hapo inatawanyika. Retina iko zaidi ya sentimita mbili nyuma, nao mwanga unaofika huko umeenea juu ya eneo kubwa na ukali wake umeshuka mbali chini ya kizingiti cha kudhuru. Hilo limethibitishwa kwa miaka zaidi ya ishirini ya matumizi, na kwa upande huu ninakuondolea wasiwasi bila kusita.

Turudi kwenye konea yako, kwani hapa ndipo jibu la kweli lilipo. Kiasi cha tishu kinachoondolewa hukadiriwa kwa kuzidisha kipenyo cha eneo la kusahihishwa kwa chenyewe, kisha kwa namba ya miwani, halafu kugawanya kwa tatu. Kwa jicho lako la kulia, tukichukua eneo la milimita 6.5 na kuhesabu astigmatizimu, namba ya juu ni 5.50, na jawabu ni takriban mikrometa 78. Kifuniko cha femtosekunde hupangwa kiwe na unene wa mikrometa 100 hadi 120, na matokeo hayapotei mbali na mpango, tuseme 110. Toa 110, toa 78, inabaki 324 chini ya kifuniko. Kifuniko kikisharudishwa hakishikani tena na konea kwa nguvu yake ya zamani, kwa hiyo mzigo wote wa shinikizo la jicho unabebwa na hizo mikrometa zinazobaki. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida ni 250, na wengi wetu tunataka 300. Kipimo kingine tunachotumia ni asilimia ya konea iliyoguswa, ambayo haipaswi kufika 40. Hapa ni 188 kati ya 512, karibu asilimia 37. Unapita, ingawa si kwa nafasi kubwa.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa kisu cha aina ya zamani, mikrokeratomu iliyopangwa kukata 160. Inabaki 274, na asilimia iliyoguswa inapanda hadi 46. Na vile visu vya zamani vilikuwa na tabia ya kukosea kwa mikrometa 20 au 30, kina zaidi au kina pungufu, hata daktari awe hodari kiasi gani, kwa sababu kina cha wembe hutegemea ukali wake, kasi yake na ugumu wa konea yenyewe. Kikikata 190, unabaki na 244, na hapo mstari tuliojiwekea umevukwa bila mtu yeyote kujua siku ile. Hatari inayoogopwa ni ektasia: konea iliyodhoofika huanza kusukumwa mbele taratibu, miezi au miaka baadaye, na kupindika vibaya kiasi kwamba miwani haisaidii tena. Lazima niseme kwa haki kwamba mikrokeratomu mpya hukata kifuniko chembamba zaidi na kwa usahihi mkubwa kuliko zile za zamani. Ndiyo maana swali la kuiuliza hospitali ya hapa nyumbani ni hili: kifuniko chenu kimepangwa kuwa na unene gani, na mnaupima unene uliopatikana wakati wa upasuaji wenyewe? Daktari anayefahamu kazi yake atakujibu kwa namba.

Kuna tofauti nyingine katika namna mambo yanavyoharibika yakiharibika. Wembe huteleza konea nzima kwa mpito mmoja. Konea ikiwa na mpindo mkali, wembe unaweza kutoboa kifuniko katikati, mbele kabisa ya mboni. Pete inayoshikilia jicho kwa kulinyonya ikiachia katikati ya safari, mkato unabaki nusu na wenye kingo za hovyo. Leza ikipoteza mshiko husimama, na mara nyingi daktari anaweza kuishika konea upya na kuendelea kwa kina kilekile, au kuahirisha bila kovu la maana. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuipenda.

Haikosi matatizo yake. Gesi ya viputo inaweza kujikusanya na kufanya utando mweupe ndani ya konea ambao huzuia eksima kuifuata mboni vizuri. Kwa kawaida husubiriwa ipotee. Wapo wagonjwa wachache ambao wiki kadhaa baada ya upasuaji, wakiwa wanaona vizuri kabisa, huanza kuumizwa na mwanga, hali inayotulia kwa matone ya steroidi na ambayo imepungua tangu nishati ya mapigo iliposhushwa. Wengine huona miale ya rangi za upinde wa mvua kandokando ya taa, kutokana na ile mipangilio sare ya vitone. Halafu kuna uvimbe wa chini ya kifuniko, unaoonekana kwenye darubini kama vumbi la mchanga, ambao hujitokeza katika siku chache za mwanzo katika njia zote mbili, na ambao ukipuuzwa unaweza kuyeyusha tishu. Huo ndio unaonifanya nikuambie mapema kwamba, ukienda India, usikate tiketi ya kurudi siku ya pili. Kaa angalau wiki moja, uonwe siku ya kwanza na uonwe tena kabla ya kuondoka.

Huenda huko wakakupendekezea SMILE, ambayo hufanywa kwa femtosekunde peke yake. Walter Sekundo na Marcus Blum waliiendeleza nchini Ujerumani, na Marekani iliiruhusu mwaka 2016. Leza hukata kijilenzi ndani ya konea, juu na chini, nacho huvutwa nje kupitia mkato wa milimita 2 hadi 4, bila kifuniko kufunguliwa. Mishipa midogo ya fahamu inayokatwa ni michache, hivyo ukavu wa macho hupungua, na hakuna kifuniko cha kuja kuhama jicho likipigwa. Kwa upande mwingine kijilenzi huwa kinene kidogo kuliko tishu ambayo eksima ingeiondoa, na ikihitajika marekebisho baadaye hakuna kifuniko cha kuinua. Ni njia nzuri mikononi mwa daktari aliyeizoea. Usiichague kwa jina lake tu.

Sasa lile ambalo hukulitaja. Unene wa konea ni namba moja. Umbo lake ni ramani nzima. Mtu anaweza kuwa na mikrometa 512, hata 540, huku sehemu ya chini ya konea imeanza kudhoofika na kuchomoza kimyakimya, ugonjwa unaoitwa keratokonasi, na katika hatua za mwanzo yeye mwenyewe haoni dalili yoyote isipokuwa astigmatizimu kidogo inayobadilika. Ukikata konea ya namna hiyo, kwa wembe au kwa leza yenye bei kubwa kuliko zote duniani, umeiharakisha kuharibika. Ugonjwa huu hauwezi kuonekana kwa mashine ya kupima namba za miwani wala kwa kipimo cha unene wa katikati pekee. Unahitaji tomografia, picha inayochora uso wa mbele na uso wa nyuma wa konea pamoja na unene wake kila mahali.

Nalisisitiza hili kwako kwa sababu ya mahali tunapoishi. Kliniki za macho za Afrika Mashariki huona watoto wengi wenye mzio sugu wa macho, yale macho yanayowasha mwaka mzima, yenye rangi ya udongo kwenye weupe wake, na mtoto akayafikicha kwa vifundo vya vidole kuanzia asubuhi hadi usiku. Kufikicha huko kunahusishwa kwa karibu na keratokonasi. Ikiwa ulikuwa mtoto wa aina hiyo, au ungali unafikicha mpaka leo, mwambie daktari bila kuulizwa. Ikiwa namba zako zimebadilika kwa zaidi ya 0.50 katika mwaka uliopita, subiri. Na ikiwa unavaa lenzi za mguso, zivue kabla ya kupigwa picha, wiki mbili kwa zile laini na mwezi au zaidi kwa zile ngumu, maana hulikandamiza umbo la konea na kuidanganya mashine.

La pili linalotugusa zaidi kuliko Wazungu ni presha ya macho, yaani glaukoma, ambayo kwa watu wenye asili ya Afrika hutokea zaidi, huanza mapema na huharibu kwa kasi. Kifaa cha kupimia presha hukisia kutokana na jinsi konea inavyokataa kubonyezwa. Konea iliyopunguzwa hubonyea kwa urahisi, kwa hiyo baada ya upasuaji presha itasomeka chini kuliko ilivyo. Miaka ishirini baadaye, daktari asiyejua kwamba uliwahi kufanyiwa LASIK anaweza kuona 15 na kukuaga kwa amani, wakati presha halisi ni ya kutia hofu. Kama kuna mzazi, shangazi au ndugu wa tumbo moja nawe mwenye glaukoma, neva yako ya macho ichunguzwe kwanza, na presha ipimwe pia wakati unapotumia matone ya steroidi baada ya upasuaji, kwa sababu kwa baadhi ya watu matone hayo huipandisha.

Ukavu wa macho utaupata kwa kiasi fulani, kwani kifuniko hukata mishipa ya fahamu inayoamuru machozi. Kwa wengi hupungua ndani ya miezi sita hadi mwaka, na vumbi la chaki, feni ya darasani na upepo wa pwani havitakusaidia katika kipindi hicho. Jiandae na machozi bandia yasiyo na dawa za kuhifadhi. Kama ngozi yako huota makovu makubwa, mwambie daktari. Orodha za zamani ziliwakataza watu hao upasuaji huu, lakini wale waliofuatiliwa baadaye hawakuonekana kupata makovu hayo kwenye konea. Na ukifika miaka arobaini na kitu utahitaji miwani ya kusomea kama rika lako lote, hata upasuaji uwe umefanikiwa kwa ukamilifu.

Ninachokushauri kuhusu fedha ni hiki. Kwanza fanya tomografia hapa nyumbani, kabla hujalipa kianzio popote. Ikionyesha umbo lenye shaka, safari ya India haina maana, na LASIK ya hapa haina maana vilevile. Utabaki na miwani, au lenzi za mguso, na kufuatiliwa. Ikiwa safi, una njia tatu, si mbili. Njia ambayo hakuna hospitali iliyokutajia ni PRK, ambayo haina kifuniko wala mkato wa kina: ngozi ya juu ya konea, yenye unene wa takriban mikrometa 50, huondolewa, eksima huchonga zile 78, na ngozi hiyo huota tena yenyewe. Kwa jicho lako ingeacha zaidi ya mikrometa 380 chini yake. Mashine inayohitajika ni ileile ya eksima ambayo hospitali ya hapa tayari inayo. Gharama yake unailipa kwa maumivu ya siku tatu au nne, na kwa subira, maana kuona hutulia baada ya wiki kadhaa badala ya siku moja. Pia kuna hatari ndogo ya ukungu kwenye konea, ambayo hupunguzwa kwa dawa ya mitomaisini wakati wa upasuaji na kwa kuvaa miwani ya jua kwa miezi ya mwanzo. Mwalimu mwenye likizo ndefu ya Desemba anaweza kuyabeba hayo.

Kwa hiyo, kama picha ni safi na fedha zipo, LASIK ya femtosekunde yenye kifuniko cha mikrometa 110 ni chaguo ambalo ningelikubali kwa ndugu yangu. Kama fedha hazipo, ningekuelekeza kwenye PRK hapa nyumbani kabla ya kukuruhusu uingie chini ya wembe wa 160. Usichukue mkopo kwa ajili ya leza ambayo kazi yake ni kufungua kifuniko ambacho unaweza kukiepuka. Na kama wembe wa hospitali hii ni wa kisasa, unaokata 100 au 110, na wanaupima unene huo mezani, basi pengo kati ya bei mbili ulizopewa linakuwa vigumu kulitetea.

Popote utakapofanyiwa, usiondoke bila nakala ya tomografia yako ya kabla ya upasuaji, namba za miwani za kabla na za baada, kiasi cha tishu kilichoondolewa kila jicho na presha yako ya mwanzo. Mbali na glaukoma, siku utakapohitaji upasuaji wa mtoto wa jicho uzeeni, daktari atakokotoa nguvu ya lenzi bandia kutokana na mpindo wa konea, na hesabu za kawaida hukosea kwa konea iliyowahi kuchongwa; karatasi hizo ndizo zitakazomsaidia kuisahihisha.